Mashine ya Wilfred kwenye Mnada wa Kimya

Buzebazeba, Ujiji
18 Machi 2025

Wifi Verediana,

Yesu asifiwe hadi huko Kasulu. Kama mvua zenu ni kama zetu basi maharage yako yamesimama vizuri, na mimi simwonei mtu kijicho kwa alichopewa na Mungu. Sisi huku tupo. Dagaa walipotea wiki mbili, sasa wamerudi, soko lote linanuka furaha. Nimesikia Ella kafaulu kwenda kidato cha tano. Nimelisikia kwa muuza nyanya. Mwambie shangazi yake kapiga vigelegele palepale kwenye nyanya za watu, ingawa hakuna wa nyumbani aliyemkumbuka kumpa habari.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu umeifungia. Nikipiga inalia mara moja, inakatika. Kijana wa vocha ndiye aliyeniambia, "Mama, huyu amekublock, unamaliza chaji bure." Basi barua nampa Bariki, dereva wa lori linalokuja kwenu kupakia maharage. Barua haina kitufe cha kukata.

Sasa nisikilize. Jumapili baada ya komunyo katekista Bonaventura alisoma vitu vilivyotolewa kwa ajili ya paa la kanisa la kigango chetu. Baiskeli mbili, mbuzi, kitanda cha mninga, cherehani. Halafu akasoma, "Mashine ya kukamua mawese, sadaka ya mjane wa marehemu Wilfred." Wifi, nilikuwa nimepiga magoti. Wenzangu wakainuka, mimi nikabaki chini. Walidhani nasali.

Mashine ipo uani kwangu. Wilfred mwenyewe aliiweka pale. Ni mimi ninayeipaka grisi, ni mimi ninayeamka kuwasha moto chini ya pipa la chikichi, ni kwangu kina mama wa mtaa huu wanaleta mikungu yao, wananiachia sehemu yangu ya mafuta. Ndiyo jembe langu, sina jingine. Na wewe unaliweka mezani kwa padre bila kuniambia hata neno. Hata matusi ungeniambia! Ningejua kuna kitu kinakuja.

Na mnada wenyewe siyo ule tunaoujua. Mwaka jana kwenye kelele za mnada, wazee wawili walitukanana kwa ajili ya mbuzi mpaka misa ya pili ikachelewa kuanza. Basi paroko kaamua mwaka huu uwe mnada wa kimya. Vitu vinapangwa ukumbini, kila kitu kina karatasi yake na kalamu imefungwa kwa uzi. Mlangoni unapewa kadi yenye namba, unaandika namba, siyo jina, ili maskini asimwogope tajiri na mdeni asimwogope anayemdai. Anayefuata asiongeze chini ya elfu tano. Kufuta ni marufuku. Jumapili nne baada ya Pasaka, na ya mwisho katekista anapiga kengele, kalamu chini, mstari wa mwisho ndio umeshinda. Aliye mbali anaweza kumtuma mtu amwandikie. Lakini aliyetoa kitu haruhusiwi kuandika kwenye karatasi ya kitu hicho. Hilo alilirudia.

Siwezi kugombana na Mungu, nikamwambia nirudishie. Kwa hiyo nitagombana na wewe.

Ulimchukua ndugu yangu akiwa mgonjwa, ukampeleka kwenu, ukamzika kwenu. Mimi kaburi la mdogo wangu silijui hata liko upande gani wa nyumba yenu. Nimenyamaza miaka miwili. Leo nakuuliza jambo moja tu: Wilfred alisema nini kuhusu mashine? Mtu hafi bila kusema neno kuhusu mali aliyoitolea jasho. Nijibu hilo.

Ni mimi wifi yako, upende usipende,
Skolastika


Kasulu
6 Aprili 2025

Skolastika,

Barua imefika, inanuka mawese. Ella ni mzima, anasoma, asante kwa vigelegele. Maharage yapo. Mama yangu anaumwa macho. Hizo ndizo habari za huku, na nimekupa kwa sababu umezitanguliza zako, nisije nikaambiwa sina adabu.

Nimekufungia simu kwa sababu ulikuwa unanirekodi, halafu unawachezea wenzako kwenye jumuiya wasikie mke wa Wilfred anavyopayuka. Usikatae. Nina watu Ujiji.

Unasema ungepewa hata matusi. Mimi nilipewa, kwa hiyo najua ladha yake. Siku ya kumaliza matanga huko kwenu Ujiji baba yenu mdogo alisimama akasema mashine ni ya ukoo, mjane aende na sufuria zake. Mashine ambayo Wilfred aliinunua kwa kubeba magunia bandarini, na mimi nikimpelekea uji saa za mchana! Na wewe ulikuwepo. Ulikuwa umekaa karibu na mlango, unamenya muhogo. Hukuinua kichwa. Nilikuangalia wewe, Skolastika, siyo baba mdogo. Huyo simjui. Nilikuangalia wewe uliyenisuka nywele siku naolewa. Ukamenya muhogo.

Sasa nimempa Mungu. Baba mdogo na amfuate Mungu, amwambie ni mali ya ukoo.

Wewe unaitaka? Ukumbi uko wazi, kalamu ina uzi, haitakimbia. Andika kama watu wengine.

Ulichouliza kuhusu Wilfred sikijibu.

Verediana


Buzebazeba, Ujiji
12 Mei 2025

Wifi Verediana,

Mungu amponye mama yako macho. Nimemwombea kwa jina lake, kwa sababu yeye hajanikosea. Huku jirani yangu Winfrida kapata mjukuu wa kike. Ziwa limechafuka siku tatu, boti za Kagunga zimelala.

Barua yako haikuwa na shikamoo. Mimi ni dada mkubwa wa mume wako, nilikuwa nakata mikungu ya michikichi ulipokuwa bado unabebwa mgongoni. Chuki ni chuki, lakini shikamoo ni yangu, nipe.

La muhogo nimelisoma. Tuliache.

Nikueleze nilivyoaibika, maana najua utaelezwa tu na hao watu wako wa Ujiji, heri usikie kwangu. Mimi nimezoea mnada wa kanisani wa kuongeza. Jogoo anainuliwa, huyu anatoa elfu mbili, yule anaongeza elfu moja, kila mmoja anatumbukiza chake kikapuni palepale, na wa mwisho kuongeza anaondoka na jogoo. Hivyo ndivyo tulivyokulia. Basi Jumapili ya kwanza nikakuta kwenye karatasi ya mashine (yenyewe nzito, imeachwa uani kwangu) bei ya kuanzia ni laki moja na nusu, namba tatu kaandika laki moja na sitini. Nikashika kalamu, nikaandika: kumi na moja, elfu ishirini. Maana yangu, naongeza elfu ishirini. Nikarudi nyumbani naimba. Wiki nzima nilijua mashine ni yangu, nikaipaka na rangi.

Jumapili ya pili nakuta mstari wangu umepigwa alama, pembeni pameandikwa "haifiki". Vijana wa kwaya wanabana midomo wasicheke. Katekista akanivuta pembeni, taratibu, kama anamfundisha mtoto wa kipaimara. "Mama Skola, hapa hatuongezi kwenye kikapu. Hapa unaandika bei nzima, utakayoilipa mwenyewe. Aliyepitwa halipi hata senti."

"Na ile niliyoandika?"

"Ile ni kama umesema unaitaka mashine kwa elfu ishirini."

"Sasa baba, huu ni mnada au mtihani?"

Akacheka. Na mimi nikacheka, ili nisilie. Nikaandika upya, bei nzima.

Tangu hapo nina mtu mmoja nyuma yangu kama mbu. Namba saba. Namba tatu kakata tamaa mapema, ila saba, nikiandika, nikienda kunywa maji tu, nikirudi saba yuko juu yangu. Elfu tano kamili, wala haongezi na mia. Jana nikasema leo namwona. Nikajibana nyuma ya kile kitanda cha mninga, kimesimamishwa ukutani. Nani anakuja? Kaka yako Samson, fundi baiskeli wa Kasingirima, kadi yake ya namba saba kaichomeka mfuko wa shati!

"Samson," nikamwambia, "tangu lini unakamua mawese? Wewe hujui hata kama yanatoka kwenye tunda au kwenye jani."

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Dada, mimi nimetumwa tu."

"Na nani?"

Akaangalia viatu vyake mpaka nikadhani vitamjibia.

Verediana, wewe ni mtu gani? Unatoa sadaka kwa mkono wa kulia, halafu kwa mkono wa kushoto wa kaka yako unaivuta irudi! Aliyetoa haruhusiwi kuandika. Neno moja tu kutoka kwangu, namba saba inafutwa, na mashine inabaki uani kwangu. Jumapili ijayo ndiyo kengele. Nijibu kabla sijafungua mdomo. Bariki anapita Alhamisi.

Na lile la Wilfred bado nalidai.

Skolastika


Kasulu
15 Mei 2025

Shikamoo. Umeidai, hiyo hapo, chukua.

Mama anaona kidogo. Mjukuu wa Winfrida hongera zake.

Naandika Bariki kanisimamia hapa, injini inaunguruma. Ndiyo, Samson ni mkono wangu. Nilidhani utagundua mapema zaidi, kumbe ulikuwa unaongeza kikapuni. Samson alinieleza, nikacheka mpaka mama akauliza kuna nini. Umenifurahisha mwaka huu, mara hiyo moja.

Nikueleze sababu, maana najua hutalala. Mashine ikiwa urithi, baba mdogo ana la kusema, na binamu zenu wana la kusema, na kila mlevi wa ukoo wenu ana la kusema. Mashine ikitolewa kanisani, wote wanafunga midomo. Ikinunuliwa mnadani mbele ya waumini wote, aliyeinunua anapewa risiti yenye muhuri wa parokia. Hiyo risiti ndiyo niliyoitaka. Siyo ya mume, siyo ya ukoo, siyo ya kuonewa huruma. Yangu, kwa jasho la maharage yangu, na kanisa linapata paa. Mungu hapotezi kitu hapo, anayepoteza ni mmoja tu, na anajijua. Jumatatu Bariki anaipakia, inakuja Kasulu.

Kanuni nimeivunja, ndiyo. Kaniseme kwa katekista. Samson atafutwa, nawe utapata mashine kwa ulimi, kama ukoo wenu unavyopata vyote.

Haya, la Wilfred. Sikutaka kukuambia kwa sababu nilijua utaumia, halafu nikajiuliza kwa nini nikuhurumie. Hakusema neno kuhusu mashine. Siku ile ya mwisho alitaka samaki wa ziwani kwenu, mgebuka mbichi wa kuchoma. Nilizunguka soko lote la Kasulu, mgebuka mbichi hakuwepo. Nikamletea dagaa. Akaangalia, akageuza uso ukutani. Basi. Hakukutaja wewe. Hakunitaja mimi.

Sasa umejua. Kaa nalo na wewe.

Verediana


Buzebazeba, Ujiji
20 Mei 2025

Verediana,

Hayo ya mgebuka nimeyasoma.

Mvua imekatika. Mjukuu wa Winfrida hanyonyi vizuri, tunamwombea. Jumapili ilikuwa na jua kali, na watu walikuwa wengi kuliko Pasaka, maana mnada wa kimya umewaingia, kila mtu anataka kuona kengele.

Jumamosi jioni baada ya kupata barua yako nilikwenda mpaka mlangoni kwa katekista. Taa inawaka, namsikia anakohoa ndani. Nikainua mkono kubisha. Nikaushusha. Usidhani ni wema, nakukataza usidhani hivyo. Nikikusema ukafutwa, utakaa Kasulu maisha yako yote unawaambia watu nilishinda kwa ulimi. Nilitaka upitwe kwa kalamu ileile uliyoniambia haikimbii.

Badala yake nikapita kwa Winfrida. Nikamwambia, "Wewe Verediana hajakufungia simu. Kesho ukimwona Samson anatoa simu mfukoni, wewe mpigie wifi yangu kwanza. Msalimie." Maana nilijua, mtu anayeongeza elfu tano kamili kila mara ana kiwango alichopewa, na akikifikia lazima aombe ruhusa.

Baada ya misa ya pili tukaingia. Samson upande ule wa meza, mimi upande huu, karatasi katikati. Naandika. Anaandika. Naandika. Ni kalamu tu inayokwaruza. Mnada ule wa kelele, wifi, una nafuu yake. Mtu anakutukana, unamtukana, mnapumua. Huu wa kimya unasikia moyo wako mwenyewe. Watu wakaacha mbuzi na baiskeli wakaja kutuzunguka. Nikaandika pesa yangu yote. Pesa ya mafuta niliyouza na ile ya kutengenezea choo. Samson akaandika juu yake. Nikaweka kalamu.

Catherine, yule mjane wa njia ya Katubuka anayekamua kwangu Jumatatu, akaniuliza, "Mbona umeacha?"

"Nimefika mwisho."

"Mwisho wako au mwisho wetu?"

Akafungua fundo la khanga yake. Akafungua na mwingine. Wale kina mama wote wa mashine, mmoja baada ya mwingine, juu ya kile kitanda cha mninga tulichokilaza chini, huyu anatoa, yule anaongeza, kama tunamnunua jogoo! Tukawa tisa. Katekista akauliza, "Mama zangu, mnafanya nini?" Catherine akamwambia, "Tunafanya hesabu. Hesabu siyo kelele." Akakuna kichwa, akasema kanuni inataka namba moja na bei moja kwenye mstari, haiulizi ni mifuko mingapi. Nikashika kalamu nikaandika bei nzima, kama nilivyofundishwa.

Samson akaisoma. Akaisoma tena. Akatoa simu mfukoni, akakimbilia nje penye mtandao. Nikamtazama Winfrida dirishani, tayari kashika yake sikioni, anacheka, anakuuliza habari. Samson anapiga, anatazama simu, anapiga. Kengele ikalia akiwa amesimama juani anasema, "Inatumika! Inatumika!"

Nimeungama Jumatatu asubuhi. Padre kanipa kitubio nimekimaliza. Hicho ni changu na Mungu, wewe usikitegemee.

Katekista aliuliza kwa sauti, "Namba kumi na moja ni nani?" Nikafungua mdomo. Catherine akawahi. "Ni sisi," akasema.

Nimekushinda.

Skolastika


Kasulu
2 Juni 2025

Skolastika,

Sina habari za kukupa.

Winfrida aliniuliza maharage yakoje. Akaniuliza kuku. Akaniuliza kama asubuhi huku bado kuna baridi, na kama navaa lile sweta la kijani. Nikakaa kwenye kiti, nikaweka mboga chini. Nikajisemea, kumbe Ujiji bado kuna mtu ananikumbuka. Nilimsimulia mpaka ndoto zangu. Simu ya Samson naiona inaingia juu ya mazungumzo, inaingia tena. Nikaiacha. Nikasema ngoja kwanza, nazungumza na mtu.

Mashine ni chuma, chuma kinauzwa Kigoma mjini. Ningekusamehe. Lakini nilifurahi, Skolastika, na furaha yenyewe ulikuwa umeitega wewe. Hiyo sisamehi.

Ile michikichi ya Wilfred kule Simbo iko kwa jina langu, na baba mdogo analijua hilo, ndiyo maana haigusi. Mikungu itaozea juu. Hakuna hata tunda moja litakaloingia kwenye mashine yenu.

Usiniandikie tena.

Verediana


Ujiji
14 Agosti 2025

Kwa Bi. Verediana,

Umesema nisikuandikie. Siandiki mimi, nimeandikishwa. Catherine kasimama hapa nyuma yangu, anasoma kila mstari, na huo wa "Bi." ni wake.

Mjukuu wa Winfrida sasa ananyonya na kunenepa. Paa la kigango limepigwa bati upande mmoja, upande wa pili bado tunanyeshewa na Roho Mtakatifu. Hilo ni langu, Catherine kakunja uso.

Kikundi cha kina mama wa mashine kimeniagiza nikueleze yafuatayo. Mashine ni ya watu tisa. Risiti yenye muhuri ipo, imeandikwa majina yote tisa, jina langu ni la sita kwa sababu walifuata abjadi wakachanganya. Mashine imeng'olewa uani kwangu, iko kwa Catherine, kuna bomba la maji na kivuli. Nilikuwa naamka nikiitazama, sasa natazama shimo. Nikitaka kukamua nasubiri siku yangu kama mtu wa mtaa wa mbali. Nilimshinda mtu mmoja, nikashindwa na wanane, na wote wananipenda, sina hata wa kumnunia.

Sasa la kikundi. Msimu umefika na chikichi hazitoshi, mashine inalala njaa siku mbili kwa wiki. Ya Simbo ni mingi kuliko yetu yote. Wanakuomba uingie, uwe wa kumi. Mchango wako uwe mikungu, siyo pesa, na jina lako liandikwe kwenye risiti kwa mkono wa katekista mwenyewe. Katekista kakubali, anasema mnada umekwisha, kanuni ya aliyetoa nayo imekwisha. Baba mdogo alipita kuuliza, Catherine akamwonyesha muhuri, akaondoka anakohoa.

Wakapiga kura ya kukuita. Walionyoosha mkono kukubali walikuwa wanane. Kukataa nilinyoosha mimi. Nakwambia ili usije ukasema nilikupaka mafuta.

Winfrida anataka nikuandikie hili, na analia huku ananiambia. Mimi nilimtuma akupigie, basi. Sikumtuma aulize kuku, wala sweta. Hayo ya sweta aliyatoa kwake. Anasema tangu siku ile hupokei simu yake, na anataka kujua ile ndoto uliyokuwa unamsimulia iliishaje.

La mwisho ni la ratiba. Mti wa mashine unasukumwa na watu wawili, huyu upande huu, huyu upande ule, mnazunguka mpaka mafuta yatoke. Wamejipanga wawili wawili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Ijumaa. Mimi wamenipa Alhamisi, na kwa kuwa tuko tisa, sina mwenzangu. Wiki zote hizi nasukuma na yeyote aliyepata nafasi, wiki nyingine hakuna aliyepata. Nilimuuliza Catherine kwa nini ni mimi niliyebaki peke yangu. Akasema siyo peke yako, tumekuwekea mtu.

Hayo ndiyo niliyoagizwa. La kwangu mimi mwenyewe sina.

Skolastika
kwa niaba ya kikundi


Kasulu
7 Septemba 2025

Skolastika,

Mama amepona jicho moja. Ella yuko shuleni.

Samson atawaonyesha mipaka ya Simbo, waanze kukata Jumatatu. Waanzie upande wa mto, huko ndiko inakoiva kwanza. Mwambie Winfrida simu nimeifungua, ila asinipigie saa za sala.

Nakuja na Bariki Jumatano. Nitalala kwa Winfrida. Kwako silali. Nimebeba sahani yangu na kikombe changu.

Alhamisi nitashika upande wa pili wa mti. Usiniulize habari za njiani, usiniambie habari za ukoo wako, usinisemeshe kabisa. Ukichoka, simama tu. Mti utaniambia.

Verediana